Nyumba Mfukoni, Kufuli Kawangware

Jumatatu, mwezi wa saba. Baridi imeingia hadi kwa mifupa.

Mawingu yameshuka leo mpaka yakakaa juu ya mabati. Huku Kianda, Kibera, hakuna aliyeona jua, na moshi wa majiko haukupanda popote, ulizunguka tu kati ya nyumba ukitafuta pa kwenda. Siku za namna hii huwa natembea nikiwa nusu usingizini, na sichukii. Nilipoamka nilikuwa na furaha ya mtu mwenye siri. Siri yenyewe ilikuwa imening'inia shingoni kwa uzi wa kiatu, na nilikuwa nimelala nayo.

Flashi.

Aki najua. Mtu mzima, analipa nyumba, halafu analala na flashi shingoni. Lakini wacha nieleze, maana hata mimi nataka kuelewa asubuhi ilianzaje pale na jioni ikaishia hapa, niko cyber, pa kukodi kompyuta, macho yamevimba, na jamaa wa kaunta ananiangalia akijiuliza kama aniletee maji.

Mimi kazi yangu ni kuchapa. Nachapia shule ndogo za hapa Kianda na mtaa wa Olympic mitihani yao, natengeneza kadi za harusi, mabango ya kanisa, programu za mazishi. Laptop yangu ilikufa mwaka jana, stima ilipopotea ikarudi na hasira. Tangu hapo naishi kwa mashine za watu. Asubuhi maktaba, mchana cyber, Jumapili kwa rafiki yangu Shiru. Na kwa watu ni kwa watu. Unaketi, unapanga fonti zako, unaweka picha zako mahali unapozipenda, unaanza kujisikia uko nyumbani, halafu kesho ukirudi hakuna kitu. Mashine za cyber hujifuta kila zikizimwa, ndio virusi visikae. Hazikumbuki mtu.

Nilizaliwa Silanga, hapa hapa Kibera, karibu na lile bwawa la Dam, mama akilima sukuma pale chini kwenye maji. Tumehama plot nyingi za kupanga tangu hapo, nimezoea. Lakini kuhama kila siku, kila ukiinuka kwenye kiti, hiyo imenichosha roho.

Basi kuna siku nikasoma kwamba kompyuta nzima inaweza kukaa kwa flashi. Si mafaili peke yake, hayo kila mtu anabeba. Namaanisha mfumo wenyewe, ule unaoiendesha mashine, na programu zako, na rangi ya ukuta wako, na barua yako uliyoiacha nusu. Unachomeka kwa mashine ya mtu, unaiwasha, na badala ya kuamka ikiwa yake inaamka ikiwa yako. Ukimaliza unachomoa, unavaa sweta yako unaenda, na mashine haitajua kwamba ulipita.

Manze, hiyo kitu ilinikaa kichwani. Nilikuwa kwenye foleni ya maji na ndoo yangu, naiwaza. Naonja chumvi kwa mboga, naiwaza. Nilijiona nikiingia ofisi za watu, benki, mashule, nikikaa mahali popote kwenye mji huu, nachomeka kidude changu, na dunia yangu inafunguka pale mezani. Mtu asiye na mahali, lakini yuko na mahali mfukoni.

Nikaanza kusoma, kwa simu, bundles zikiisha naongeza, nimejifunika blanketi. Na nikapenda kitu kimoja ambacho sidhani watu wanakipenda. Nilipenda zile sekunde za kwanza, mashine ikiwashwa, kabla haijajua ni nani. Skrini iko nyeusi. Feni imeanza kupumua. Haijawa ya mtu yeyote.

Zamani hizo sekunde hazikuwa na maswali. Mashine iligusa mwanzo wa diski, ikikuta kitu inakifuata. Za siku hizi zina UEFI. Hiyo ni programu inayokaa ndani ya ubao wa mashine, kabla ya Windows, kabla ya kila kitu, na yenyewe ina macho. Inatafuta kwenye diski kijisehemu kidogo kilichopangwa kwa namna inayoielewa. Inaingia. Inatafuta folda inayoitwa EFI, ndani yake folda inayoitwa BOOT, na ndani ya hiyo faili moja, bootx64.efi, jina ambalo mashine za aina hii dunia nzima zinalijua. Huo ndio mlango. Na mlangoni kuna askari, anaitwa Secure Boot, anaangalia kama hiyo faili ina sahihi ya mtu anayejulikana. Nilimwogopa huyo askari wiki nzima. Kumbe Linux niliyoichagua ilikuja na sahihi yake tayari, akaiangalia akaipitisha.

Nikisema hivi naona watu wakilala. Mimi nilikuwa naota.

Jana ndiyo nilitengeneza. Nilienda Kawangware kwa Shiru baada ya kanisa.

Shiru ni rafiki yangu tangu tukiwa tunasoma computer packages chuoni, wakati mashine zilikuwa chache na wanafunzi wawili wanakalia kiti kimoja. Mimi nilikuwa nashika kibodi, yeye anashika mouse. Huwezi kukaa hivyo na mtu miezi na mbaki wageni. Mama yake ana plot ya vyumba vya kupangisha upande wa Gatina, ardhi iliyokuwa shamba la wazee wao kabla Kawangware haijawa mji. Watu wakimwona Shiru wanasema huyo amefika, hatalipa rent maisha yake yote. Hawamwoni akigongewa mlango saa zote kwa sababu choo kimejaa au mpangaji wa juu anamwagia wa chini maji. Tangu tumalize chuo yeye ndiye caretaker wa plot ya mama yake. Hajawahi kulala nje ya hiyo plot isipokuwa siku za mazishi ushago, kijijini kwao, na ushago kwao ni hapo Kikuyu tu.

Na leo mchana alikuwa na interview. Shirika moja linalochimba visima, linatafuta mtu wa kuweka rekodi zao. Lodwar, kule mbali kaskazini.

Aliponiambia jana nilisema poa sana, nikasema umeweza, nikasema kule kuna jua. Halafu nikaomba mashine. Yeye akawa anapiga blauzi pasi, mimi nikakaa na laptop yake mezani, ile ya mtumba, ex-UK, mama yake alimnunulia, betri imechoka lakini moyo wake mzima. Nikachomeka flashi mbili. Moja ilikuwa ya kusakinisha, na nyingine ile kubwa ambayo ingekuwa nyumba.

Kusakinisha ni maswali. Lugha gani, saa za wapi, jina lako nani, nikaandika Achi. Nilijibu yote kwa upole, nikicheka peke yangu. Nikachagua flashi kubwa, nikahakikisha mara kadhaa kwamba siigusi diski ya Shiru. Hapo nilikuwa makini, naapa. Halafu chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na kijisanduku kimoja kinauliza kile kianzishio kiwekwe wapi, yaani ule mlango wenyewe. Tayari kilikuwa kimejaziwa jibu. Sikulisoma hilo jibu.

Ngoja niseme ukweli wa akili yangu. Niliona swali la mlango, na mimi ni mpangaji. Huku kwetu chumba kinakuja na mlango wake. Landlord anakupa kuta nne, mabati na mlango, wewe unakuja na kufuli yako tu. Mimi nina kufuli moja tangu Silanga, nimehama nayo plot zote. Kwa hivyo kichwani mwangu, ukishachagua nyumba, mlango ni wa nyumba, utauliza nini tena. Nikabonyeza endelea.

Ikafanya kazi. Nikaiwasha tena, na pale kwa meza ya Shiru ikafunguka dunia yangu, ukuta wa buluu, fonti zangu, programu yangu ya kadi. Nilimwita aje aone. Alikuja na pasi mkononi, akaangalia, akasema iko poa. Nikazima, nikachomoa flashi, nikafunika laptop, nikamwombea interview yake, nikaondoka. Nilitembea hadi Naivasha Road sihisi miguu.

Sikuiwasha mashine yake tena bila flashi kabla ya kuondoka. Hata mara moja.

Sasa leo. Maktaba ilipofungua nilikuwa mlangoni. Nikaomba mashine ya pembeni, nikachomeka flashi, nikaiwasha, nikakunja mikono nikisubiri. Ikafungua Windows yao. Nikarudia. Windows. Nikaingia kwenye menyu ya kuchagua, na jina la flashi yangu halikuwepo kabisa. Nikachomoa, nikaipulizia, kana kwamba ni vumbi. Nikarudia.

Nilikuwa bado nainamia hiyo mashine simu ilipotetemeka. Ni Shiru. Nikatoka nje kwa mlango ili nipokee.

Aliongea taratibu sana. Alisema ameiwasha laptop ili ajaribu kamera, na haifunguki. Skrini ni nyeusi, kuna neno grub juu na kistari kinachowakawaka. Alisema ameizima akaiwasha, vile vile. Alisema interview ni mchana na lazima iwe kwa kompyuta, kuna jaribio atafanya huku wanaona skrini yake, wamekataa simu. Aliuliza kama ni kitu nilichofanya.

Grub ndilo jina la kile kianzishio, na nikaelewa yote hapo hapo, nimesimama na baridi ikiniingia shingoni. Lile jibu lililokuwa limejazwa tayari lilikuwa diski yake. Nyumba nilikuwa nimeijenga kwa flashi, na mlango wake nikaubandika kwa kompyuta ya Shiru, mbele ya mlango wake mwenyewe. Sasa mashine yake ikiamka inaenda kwa mlango wangu, inaufungua, na nyuma yake hakuna nyumba, maana nyumba nimeivaa shingoni niko Kibera. Na mashine ya maktaba ikiangalia flashi yangu inaona nyumba nzuri ambayo haina pa kuingilia, inapita.

Sasa nitaandika kitu ambacho sitaki kuandika.

Nilifurahi.

Kabla ya kuogopa, kabla ya kumwonea huruma, kuna kitu kilifunguka kifuani, kina joto, kikasema basi, haendi. Jumapili ijayo nitaenda kwake kama kawaida, tutakula chapati, atanisimulia mpangaji gani amekosana na nani. Nilikuwa nimesimama pale kwa mlango wa maktaba nikitabasamu na simu sikioni. Halafu nikamsikia anavyopumua upande wa pili, ile pumzi ya mtu anayejikaza asilie, na nikajionea aibu.

Nikamwambia abonyeze F12 ikiwaka, apate menyu ya kuchagua. Akabonyeza, haikusikia. Nikamwambia ajaribu F9, akasema anaogopa kuharibu zaidi. Nikamwambia aiache hivyo, nakuja.

Boda alinipeleka kwa ukungu. Tulitokea Ngong Road, tukapanda hadi Dagoretti Corner, na sikuona chochote isipokuwa taa za magari zikielea. Yule boda alikuwa anaongea kuhusu mvua, na mimi nilikuwa Lodwar. Sijawahi kufika Lodwar. Kwangu ni mchanga na mwanga mkali na upepo wa moto, na katikati yake Shiru amevaa miwani ya jua, anaandika kitu, anacheka na watu nisiowajua. Nilijaribu kujiweka kwenye hiyo picha. Nilijiweka kila upande, na kila mara nilikuwa natoka.

Na tukishuka Naivasha Road wazo likanijia, tulivu kabisa, kwa sauti yangu mwenyewe. Hajui. Shiru hajui kwamba dawa iko shingoni mwangu ndani ya sweta. Nikifika nikaangalia ile skrini, nikatikisa kichwa, nikasema diski imeharibika, pole sana rafiki yangu, atalia, nitamshika mkono, na kesho kutwa tutakuwa tumesahau. Nani angejua? Nililibeba hilo wazo kutoka Naivasha Road hadi kwa geti lao.

Mama Shiru ndiye aliyenifungulia. Ni mama mkubwa wa sauti, ana kofia ya sufu mwaka mzima, na huwa haniruhusu kupita bila kula. Akaniita kairitu, yaani msichana kwa Kikuyu, akaniuliza kwa nini midomo imekuwa ya kijivu, akanishikisha kikombe cha chai kabla sijavua viatu. Akauliza kompyuta ina ugonjwa gani. Nilijaribu kumweleza kwa lugha yake, nikasema ni kama nimeweka kufuli yangu kwa mlango wa Shiru halafu nikaenda na funguo. Akafikiria, halafu akacheka hadi akashika ukuta. Akasema siku zote amesikia landlord akimfungia mpangaji, hii ya mpangaji kumfungia landlord kwake mwenyewe ni ya kwanza, na kwamba ataniongezea rent ambayo hata silipi. Kwa hivyo, hata bila kupanga, nilikuwa nimeshasema. Funguo ziko kwangu. Lile wazo likafia hapo kwa korido, na nikashukuru.

Shiru alikuwa kwa meza, blauzi imenyooka, nywele amezifunga, mikono ameilaza pande mbili za laptop. Hakunilaumu. Alihama tu kwenye kiti nusu, kama zamani, ili nikae.

Nikaitoa flashi. Ilikuwa bado na joto la mwili wangu. Nikaichomeka, nikawasha, ule mlango wangu ukafunguka, na safari hii ukakuta nyumba nyuma yake. Ikaja menyu. Ya kwanza ilikuwa dunia yangu, na chini kabisa ilikuwa imeandikwa Windows. Nikateremka na mshale hadi pale, nikabonyeza. Tukasubiri. Ikaja picha yake ya siku zote, yeye na mama yake na keki.

Shiru akafunika uso kwa mikono miwili, mara moja tu, akaufunua.

Nilimwambia kurekebisha mashine kabisa kunahitaji muda, tusijaribu sasa. Flashi ibaki hapo hapo ilipo, maana betri ya laptop haishiki, na stima ikipotea dakika moja itabidi tuiwashe upya kupitia mlango wangu. Akaitikia. Nikatoka nikafunga mlango.

Nilikaa kwa korido na mama yake tukimenya waru, yaani viazi. Mlango wao ni mwepesi, unasikia kila kitu. Mwanzoni Shiru alikuwa anaongea kile Kiingereza cha chuo, anameza mate kati ya maneno. Halafu wakamuuliza kitu kuhusu kuishi mbali na nyumbani. Akaanza kuwaeleza vile anavyoweka rekodi za plot, nani anadaiwa pesa za maji, bomba gani lilipasuka lini, na sauti yake ikabadilika. Ikawa nzito, imetulia. Nimemjua huyu msichana miaka mingi na sikuwahi kuisikia hiyo sauti. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye ameshaondoka, mwili tu ndio umebaki.

Mama Shiru aliacha kumenya. Aliniambia, bila kuniangalia, kwamba vyumba anaweza kutafuta mtu wa kuvichunga, lakini hajui ni nani atamchunga yeye mwenyewe. Halafu akaendelea na waru. Nilitaka kusema hata mimi. Nilichukua waru nyingine.

Shiru alipotoka uso ulikuwa unawaka. Alisema wamemwambia watapiga leo kabla ya jioni kwa yule wamemchagua, wengine watatumiwa ujumbe. Alisema hajui kama amefanya vizuri. Mimi nilijua.

Tukakaa tena kwa kiti, nusu nusu, nirekebishe. Niliingia kwenye dunia yangu kupitia mlango ule ule wa makosa. Nikatafuta kile kijisehemu kidogo kwenye flashi, kile nilichokitenga jana vizuri kabisa halafu nikakiacha kitupu. Nikaweka mlango humo, ndani ya EFI, ndani ya BOOT, kwa lile jina ambalo mashine yoyote italijua. Hiyo ilikuwa rahisi. Halafu nikaingia kwa upande wa Shiru, kwenye diski yake, nikaikuta folda yangu imekaa pale kando ya yake, imejipanga vizuri, inajifikiria ni mwenyeji.

Mkono ukanigoma.

Ni folda tu. Lakini nilijua nikiifuta, kompyuta ya Shiru itafunguka peke yake kila siku, hapa au Lodwar au popote, bila mimi. Ndivyo inavyotakiwa. Ndiyo ilikuwa maana ya kazi yote. Nilikaa nikiiangalia, na najua Shiru alikuwa ananiangalia mimi, si skrini.

Nikaifuta. Nikalitoa na jina langu kwenye kumbukumbu ya ule ubao, nikairudisha Windows yake mbele. Nikazima. Nikachomoa flashi. Nikamwambia awashe mwenyewe.

Ikafunguka. Picha, keki, mama yake.

Alifunika laptop polepole. Alikuwa anazungusha waya wa chaja mkononi, anauzungusha na kuufungua, na aliniuliza akiwa bado anauangalia huo waya.

"Achi, ulitaka isifunguke?"

Nilifikiria kusema hapana. Hapana ilikuwa hapo mdomoni, tayari. Lakini nilikuwa nimechoka, na ni Shiru.

"Kidogo," nikasema.

Akatingisha kichwa polepole. Hakukasirika.

"Hata mimi," akasema. "Nilipoiona nyeusi asubuhi nilisema asante Mungu. Halafu ndio nikakupigia."

Hapo ndipo tulipolia. Tulilia vizuri, tumeshikana, kwa kile kiti kimoja, hadi Mama Shiru akaja mlangoni na sufuria akauliza ni nani amekufa, na tukaanza kucheka, na tukashindwa kumweleza. Shiru aliniambia anaogopa. Anaogopa kulala mahali ambapo hasikii wapangaji wakigombana, anaogopa kuwa mtu ambaye hakuna anayemjua. Nilimwambia naogopa Jumapili. Sikujua kwamba ni kitu kinaweza kusemwa hivyo, kwa ufupi.

Simu yake ikalia juu ya meza. Namba ngeni.

Aliichukua, hakuipokea. Ilitetemeka mkononi mwake, na yeye akaniangalia. Ilikuwa inalia na yeye ananiangalia tu, macho bado yana maji, na nikajua kwamba nikikaa kimya tu, kimya peke yake kitatosha. Itakatika. Tutasema hatukusikia.

"Pokea," nikamwambia.

Akapokea.

Anaanza mwezi ujao. Mama yake amepika waru zote na nyama juu, amelia jikoni akisingizia vitunguu, na mimi nimerudi Kianda giza halijaingia. Nimepita hapa cyber kujaribu flashi. Imefunguka mara ya kwanza, bila shida, kwa mashine ambayo haijawahi kuniona, na ndiyo ninaandikia haya. Ukuta ni wa buluu. Fonti ziko. Barua niliyoiacha nusu iko nusu vile vile. Ile furaha niliyoiota wiki zote hizo nimeingoja hapa kwa kiti, imekuja kidogo, ikaniuliza kama niko peke yangu.

Mwezi ujao hauko mbali. Lakini kesho Shiru bado yuko Kawangware, na nimemwambia nitafika asubuhi, kabla wapangaji hawajaanza kumgongea.